Taa ya onyo inapowaka angani: jinsi ndege ndogo za injini mbili zinavyojikinga na hitilafu za umeme

Mkazi wa Arua au Koboko hahitaji kufundishwa kwamba umeme ni kitu cha kuhesabiwa. Kwa miaka mingi eneo la West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, lilikuwa nje ya gridi ya taifa. Lilitegemea mitambo ya mafuta mjini Arua na, tangu mwaka 2012, kituo kidogo cha umeme wa maji cha Nyagak katika wilaya ya Zombo, chenye uwezo wa megawati 3.5. Mtambo mmoja ulipozimika, uliobaki ulilazimika kubeba mzigo wote, na mzigo ulipozidi, mitaa iliingizwa gizani kwa zamu. Gridi ya taifa imekwisha kufika Arua, lakini kumbukumbu ya miaka hiyo haijafutika.

Ndege ndogo yenye injini mbili inayoruka juu ya eneo hilo ni kisiwa cha umeme cha namna hiyo hiyo. Ina vyanzo viwili vya umeme, akiba ndogo ndani ya betri, na vifaa vingi vinavyogombea kilichopo. Tofauti ni kwamba angani hakuna jirani wa kuazima waya, wala fundi wa kuitwa kesho. Kila kitu kinategemea vifaa vichache vya ulinzi, taa kadhaa za onyo, na uamuzi wa mtu mmoja au wawili walioketi mbele.

Je, vifaa hivyo hufanya kazi gani hasa? Na kwa nini ajali mbili mashuhuri za nchini Marekani bado hutajwa pale marubani wanapofundishwa kuhusu umeme wa ndege?

Kwa nini jambo hili linaihusu West Nile

Kutoka Entebbe hadi Arua ni takriban kilomita 375 kwa mstari ulionyooka, na kwa barabara safari ya kutoka Kampala inakaribia kilomita 500. Kwa mgonjwa, mfanyabiashara au mfanyakazi wa misaada, ndege ndogo hugeuza safari ya siku nzima kuwa ya saa moja na dakika kadhaa. Kwa miaka mingi shirika la Eagle Air la Uganda liliihudumia Arua kwa ndege aina ya Let 410, zenye injini mbili na viti visivyozidi 19. Koboko iko kilomita zipatazo 55 kaskazini mwa Arua kwa barabara, karibu na Salia Musala, mahali ambapo mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hukutana. Nchi hizo mbili jirani nazo hutegemea sana ndege ndogo kufikia maeneo yasiyo na barabara nzuri.

Ndege ndogo za injini mbili zimegawanyika katika makundi mawili makubwa. Kuna zile za injini za pistoni, kama Cessna 310, Piper Seneca na Beechcraft Baron, zenye viti vinne hadi sita hivi. Halafu kuna zile za injini za tabo zinazozungusha pangaboi, kama Let 410 na Beechcraft King Air. Mitambo yake ya umeme hutofautiana kwa ukubwa na kwa majina ya sehemu, lakini kanuni za ulinzi ni zile zile. Makala haya yanatumia zaidi mfano wa ndege za pistoni, kwa kuwa mfumo wake ni rahisi kueleweka.

Umeme wa ndege unatoka wapi?

Kila injini huzungusha alteneta yake, kama ilivyo kwenye gari. Alteneta hizo mbili hupeleka umeme kwenye bamba la shaba ambalo ndilo kituo cha kugawia umeme. Kutoka hapo, waya huelekea kwenye redio, taa, vifaa vya urambazaji, pampu za mafuta, kipasha joto cha bomba la kupimia mwendo, na katika ndege nyingi, mota au pampu ya kuteremsha magurudumu. Betri imeunganishwa hapo pia. Kazi yake ya kwanza ni kuwasha injini, na ya pili ni kuwa akiba endapo alteneta zote mbili zitashindwa.

Kwa kawaida alteneta zote mbili hufanya kazi kwa pamoja na kugawana mzigo. Kidhibiti cha volti huhakikisha kwamba hakuna inayobeba mno huku nyingine ikipumzika. Katika ndege yenye betri ya volti 24, alteneta huzalisha umeme wa volti zipatazo 28, ili betri iendelee kujazwa wakati wote wa safari.

Abiria wengi hawajui kwamba injini nyingi za pistoni haziwezi kuzimika kwa sababu tu umeme wa ndege umekatika. Cheche za kuwasha mafuta ndani ya injini hutolewa na magineto, kifaa kinachojizalishia umeme wake kwa kuzungushwa na injini yenyewe. Kwa hiyo ndege inaweza kupoteza redio zote, taa zote na skrini zote, na injini zikaendelea kunguruma kama kawaida. Ukweli huo hutuliza moyo, lakini pia una mtego wake. Kwa kuwa ndege bado inaruka vizuri, rubani anaweza kuichukulia hitilafu ya umeme kuwa usumbufu mdogo, na kuendelea na safari ambayo alipaswa kuikatiza.

Kikata-umeme humlinda nani?

Mbele ya rubani, au ubavuni mwake, kuna safu za vitufe vidogo vyeusi vyenye namba: 5, 10, 15, 25. Hivi ni vikata-umeme, ambavyo mafundi wengi huviita sakiti breka. Ndege za zamani zaidi hutumia fyuzi, na kanuni huzitaka zibebe fyuzi za akiba. Namba iliyo juu ya kitufe ni kiwango cha ampea ambacho waya wa njia ile unaweza kubeba bila kupata joto la hatari.

Watu wengi hudhani kwamba kikata-umeme kimewekwa kukilinda kifaa, kwa mfano redio au rada. Ukweli ni kwamba kimewekwa kwanza kuulinda waya. Waya ukibeba umeme kupita uwezo wake hupata joto, plastiki inayoufunika huyeyuka, na moshi huanza. Katika nyumba, moto wa namna hiyo huanza darini na watu wakapata nafasi ya kutoka nje. Ndani ya ndege, waya hizo hupita nyuma ya dashibodi, wakati mwingine karibu na mabomba ya mafuta, na hakuna pa kutokea. Ndiyo maana njia ya umeme hukatwa kabla waya haujafikia hali hiyo, hata kama kufanya hivyo kutamnyima rubani kifaa anachokihitaji.

Kikata-umeme kikiruka, kitufe chake hujitokeza nje, mara nyingi kikionyesha utepe mweupe unaoonekana kwa urahisi. Kimeundwa kwa namna ambayo, hitilafu ikiwa bado ipo, rubani hawezi kukilazimisha kibaki ndani kwa kukishikilia kwa kidole. Lakini anaweza kukirudisha tena na tena, na kila mara waya ulioharibika ukapokea umeme mwingi kwa sekunde kadhaa. Sekunde hizo zinaweza kutosha kuwasha vumbi, uchafu au plastiki iliyokwisha kuungua nusu.

Kuna ulinzi mwingine ambao rubani hauoni. Kidhibiti cha volti kikiharibika, alteneta inaweza kuzalisha volti nyingi mno na kuunguza redio zote kwa pamoja. Kwa hiyo mfumo una swichi inayojiendesha yenyewe, ambayo huitoa alteneta kazini mara volti zinapopita kiwango, kwa kawaida karibu na 32 katika mfumo wa volti 28. Rubani huona tu kwamba alteneta moja imeacha kufanya kazi. Huenda haijaharibika. Huenda imeondolewa ili isiharibu vingine.

Taa na mita husema nini?

Katika ndege nyingi za aina hii kuna taa ya onyo kwa kila alteneta. Ikiwaka, maana yake ni kwamba alteneta hiyo haipeleki umeme. Ndege nyingi zina pia taa ya volti ndogo, inayowaka pale umeme wa mfumo mzima unaposhuka hadi kiwango kinachoonyesha kwamba betri imeanza kutoa badala ya kupokea. Pamoja na taa hizo kuna ammita, inayoonyesha ni ampea ngapi zinatoka kwenye kila alteneta au zinaingia kwenye betri, na voltimita.

Taa humwambia rubani kwamba kuna jambo. Mita humwambia ni jambo gani. Taa ya alteneta ya kushoto ikiwaka na ammita ya kushoto ikasoma sifuri, ushahidi umekubaliana. Taa ikiwaka lakini ammita bado ikaonyesha umeme unatoka, huenda kasoro iko kwenye taa yenyewe. Na ammita ikisoma sifuri bila taa kuwaka, huenda balbu ya taa imeungua. Ndiyo maana orodha ya ukaguzi kabla ya kuruka humtaka rubani abonyeze kitufe cha kujaribia taa za onyo, ahakikishe kwamba zote zinawaka. Taa iliyokufa haimwonyi mtu.

Kwa ndege yenye injini mbili kuna swali la ziada ambalo ndege ya injini moja haina: ni upande upi? Swali hilo linaonekana jepesi kwenye kiti cha darasani. Usiku, ndani ya mawingu, mara tu baada ya kuruka, limewashinda watu wenye uzoefu.

Injini mbili si akiba isiyokwisha

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kila alteneta inaweza kutoa ampea 70, na ndege inaruka usiku katika hali mbaya ya hewa ikitumia ampea 85. Alteneta zote mbili zikiwa hai, hakuna tatizo. Moja ikizimika, iliyobaki inaweza kutoa 70 tu. Pengo la ampea 15 hujazwa na betri, kimya kimya. Redio bado zinaongea, taa bado zinaangaza, na rubani asiyetazama voltimita anaweza kudhani kwamba alteneta ya pili imeyamaliza yote. Hatua sahihi ni kupunguza mzigo mara moja hadi ushuke chini ya uwezo wa alteneta iliyobaki. Wakazi wa Arua wangeiita hatua hiyo mgao wa umeme.

Sasa tuseme alteneta zote mbili zimepotea. Betri ya ampea-saa 24, ikiwa nzuri na imejaa, inaweza kutegemewa kutoa labda asilimia 80 ya kiwango hicho, yaani ampea-saa 19 hivi. Rubani akiendelea kutumia ampea 40, atabaki na umeme kwa muda usiofika nusu saa. Akizima kila kisicho cha lazima na kubaki na ampea 12, yaani redio moja, kifaa kimoja cha urambazaji na taa ndogo ya dashibodi, atapata karibu saa moja na nusu. Betri ni ile ile. Tofauti yote imetokana na dakika ambayo rubani alichukua hatua.

Kanuni za Marekani za kutengeneza ndege ndogo, ambazo zimeongoza utengenezaji wa ndege nyingi za aina hii, zilitaka betri iweze kuendesha vifaa vya lazima kwa angalau dakika 30 baada ya vyanzo vikuu kushindwa. Lakini dakika hizo 30 zinahesabiwa kwa masharti: betri iwe na afya, na rubani awe amekwisha kuzima mizigo mingine. Betri iliyozeeka, au iliyotumika kuwasha injini ngumu muda mfupi uliopita, haina ahadi hiyo. Zaidi ya hayo, katika ndege nyingi alteneta huhitaji umeme kidogo kutoka nje ili ianze kuzalisha. Betri ikikauka kabisa, hata alteneta iliyo nzima inaweza kushindwa kurudi kazini.

Illinois, 1983: upande usio sahihi

Usiku wa tarehe 11 Oktoba 1983, ndege ya shirika la Air Illinois iliruka kutoka Springfield kuelekea Carbondale, katika jimbo la Illinois. Ilikuwa aina ya Hawker Siddeley 748, kubwa kuliko ndege tunazozizungumzia, lakini yenye injini mbili na jenereta mbili kama zilivyo hizo.

Muda mfupi baada ya kuruka, jenereta ya kushoto ilishindwa. Wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani walihitimisha kwamba rubani msaidizi, kwa makosa, aliiondoa kwenye mfumo jenereta ya kulia, ile iliyokuwa nzima. Jitihada za kuirudisha hazikufanikiwa. Ndege ikabaki na betri peke yake.

Springfield ilikuwa bado karibu. Hata hivyo rubani mkuu aliamua kuendelea na safari. Betri ilitazamiwa kudumu dakika zipatazo 30, na safari yenyewe ilihitaji muda zaidi ya huo. Mzigo wa umeme haukupunguzwa vya kutosha. Zaidi kidogo ya nusu saa baada ya kuruka, betri iliisha, vifaa vya kuonyesha mkao wa ndege vikafa, na marubani wakabaki gizani ndani ya hali mbaya ya hewa. Ndege ilianguka karibu na Pinckneyville. Watu wote 10 waliokuwemo walifariki.

Injini zote mbili zilikuwa zikifanya kazi.

Florida, 2007: kitufe kilichovutwa jana yake

Ajali ya pili inahusu ndege ndogo halisi, Cessna 310R, iliyokuwa ikitumiwa na kampuni ya mashindano ya magari ya NASCAR. Siku moja kabla ya ajali, rubani aliyekuwa akiirusha aliona rada ya hali ya hewa ikizimika na akasikia harufu ya kitu kinachoungua. Akaizima rada, akavuta kikata-umeme chake, na harufu ikapungua. Alipotua aliandika hitilafu hiyo kwenye fomu, kama inavyotakiwa.

Mpaka hapo ulinzi ulikuwa umefanya kazi yake yote. Mtu ametambua dalili, amekata umeme, ametua salama, ameandika. Lakini siku iliyofuata, tarehe 10 Julai 2007, ndege iliruhusiwa kuruka kutoka Daytona Beach bila hitilafu kuchunguzwa wala kurekebishwa. Takriban dakika 10 baadaye rubani alitoa taarifa ya dharura kwamba kulikuwa na moshi ndani ya chumba chake. Alielekea uwanja wa Sanford, lakini hakuufikia. Ndege iliangukia nyumba za watu. Waliokuwemo wawili walifariki, pamoja na watu watatu waliokuwa majumbani.

Bodi ya uchunguzi ilisema chanzo kilikuwa uamuzi wa wasimamizi na mafundi kuiachia ndege iruke ikiwa na hitilafu inayojulikana, na uamuzi wa marubani kuikubali. Uchunguzi ulitaja pia uwezekano kwamba kikata-umeme kilirudishwa ndani wakati wa maandalizi ya safari, kwa sababu kubonyeza vitufe vyote vilivyojitokeza ilikuwa desturi ya kawaida kabla ya kuruka.

Kurudisha kitufe, au kukiacha?

Baada ya ajali hiyo, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani ilitoa mwongozo maalumu kuhusu vikata-umeme, na mwaka 2010 mwongozo huo ulikuwa mikononi mwa marubani na mafundi. Ujumbe wake ni mfupi. Kikata-umeme kilichoruka angani kisirudishwe, isipokuwa kifaa hicho ni cha lazima kwa usalama wa ndege kwa wakati ule. Kama ni cha lazima, na hakuna moshi wala harufu ya kuungua, kiachwe kipoe kwa angalau dakika moja, kisha kirudishwe mara moja tu. Kikiruka tena, kibaki nje hadi ndege itue na fundi aikague.

Chini, kabla ya kuruka, mwongozo huo hauruhusu kubonyeza na kusahau. Kitufe kilichokutwa nje kinauliza swali: nani alikivuta, au ni nini kilichokirusha? Jibu linapaswa kutafutwa kwenye kitabu cha kumbukumbu za hitilafu za ndege, na kwa fundi.

Uamuzi mgumu hufanyika chini

Uwanja wa ndege wa Arua uko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari. Katika miezi ya kiangazi, hasa kuanzia Desemba hadi Februari, moshi wa nyasi zinazochomwa na vumbi hupunguza umbali ambao rubani anaweza kuona. Siku kama hiyo, vifaa vya urambazaji si mapambo ya dashibodi. Na kwa kuwa eneo hilo liko karibu na ikweta, giza huingia haraka. Kutoka jua linapozama hadi nuru inapokwisha ni takriban dakika 20. Rubani aliyepoteza alteneta zote mbili saa kumi na mbili jioni ana saa mbili za kutazama kwa wakati mmoja, ya betri na ya jua.

Mazingira nayo hayazisaidii waya. Mtikisiko wa viwanja vya changarawe hulegeza viungo, unyevu wa masika huingiza kutu, na panya hupenda kujenga ndani ya ndege iliyoegeshwa muda mrefu. Hitilafu nyingi za umeme huanza hivyo, kwa kiungo kilicholegea au waya uliochubuka, siku nyingi kabla ya taa yoyote kuwaka.

Tuseme basi kwamba ndege ya abiria watano iko Arua saa tisa alasiri, na kabla ya kuondoka kikata-umeme cha kifaa kimoja kinaruka. Karakana kubwa ziko mbali, Entebbe, Kajjansi, au uwanja wa Wilson jijini Nairobi. Kati ya abiria yumo mama mwenye miadi hospitalini Kampala kesho asubuhi. Rubani akikibonyeza kitufe, huenda kikakaa, na safari ikaisha bila neno. Akikiacha na kuomba fundi, abiria watalala Arua, na mwenye ndege atapiga simu kuuliza.

Hapo ndipo ulinzi wote uliokwisha kuelezwa hupimwa. Shaba, fyuzi na taa vimefanya sehemu yake. Kilichobaki ni kama rubani anaweza kusema hapana bila kuogopa kupoteza kazi, na kama mwenye ndege anahesabu usiku mmoja wa kulala Arua kuwa gharama ya kawaida ya biashara. Chuo cha usafiri wa anga cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kimefundisha marubani na mafundi wa ndege chini ya paa moja. Utaratibu huo una maana yake, kwa sababu rubani anayeandika hitilafu na fundi anayeisoma hushikilia ncha mbili za waya ule ule.

Abiria afanye nini?

Abiria hawezi kusoma ammita, wala hatakiwi kugusa kitu chochote mbele ya rubani. Lakini pua yake ni kifaa cha onyo kisicho na balbu. Harufu ya plastiki inayoungua, hata ikiwa hafifu na hata ikiwa inatoka nyuma ya kiti, inapaswa kuelezwa kwa rubani papo hapo, bila kusubiri kuwa na uhakika. Rubani wa Florida aliyevuta kitufe siku ya kwanza aliongozwa na harufu.

Jambo la pili ni subira. Rubani anapotangaza kwamba safari imeahirishwa kwa sababu ya hitilafu ndogo ya umeme, ni rahisi kunung'unika, hasa kwa aliyetoka Koboko alfajiri kwa basi dogo ili aiwahi ndege. Ni vizuri kukumbuka kwamba marubani wa Illinois nao walikiita kilichowapata tatizo dogo la umeme walipozungumza na waongoza ndege. Hitilafu ya umeme huwa ndogo mwanzoni, wakati ambapo uwanja wa kutua uko karibu, betri imejaa, na nuru bado ipo. Huo ndio wakati wa kuichukulia kwa uzito.